Kuvu na nyigu dhidi ya vidukari: jinsi ya kuwapangia siku wasiuane wao kwa wao

Geuza jani lililoshambuliwa na vidukari, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukibahatika utakuta maiti za aina mbili. Moja imevimba ikawa mviringo kama ushanga, rangi yake kahawia ya dhahabu, imegandamana na jani kabisa. Hiyo huitwa mumia, na ndani yake mna buu wa nyigu mdogo anayekua. Nyingine imeota manyoya meupe kama pamba kuanzia miguuni hadi mgongoni. Huyo ameuawa na kuvu.

Nyigu na kuvu ni silaha nzuri sana kwa mkulima asiyetaka sumu, na kila mmoja peke yake anafanya kazi. Shida huanza pale mtu anapovinunua vyote viwili na kuvitumia siku moja, akidhani maadui wawili wa kidukari lazima watasaidiana. Wiki mbili baadaye vidukari wamepungua kiasi, mumia hazionekani, na lawama zote zinamwangukia nyigu. Nyigu hana kosa. Alitaga mayai yake ndani ya vidukari waliokwisha kuambukizwa, na watoto wake wakafa humo humo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa zizi lenyewe ni kidukari wa milimita mbili.

Mwongozo huu ni wa kuwapangia siku, ili kila mmoja apate vidukari wake.

Kabla ya yote: zifahamu siku zao

Kuvu zinazouzwa kwa kazi hii ni chache. Zinazojulikana zaidi ni Beauveria bassiana, aina za Metarhizium, Cordyceps fumosorosea, na Akanthomyces, ambayo kwenye lebo na vitabu vya zamani imeandikwa Lecanicillium au Verticillium lecanii. Kuvu hizi hazihitaji kuliwa. Spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, hunata juu ya ngozi ya mdudu, huchipua, hutoboa ngozi kwa vimeng'enya na nguvu ya msukumo, kisha huzaana ndani ya damu yake. Kwamba kuvu huweza kuua mdudu kulithibitishwa mapema ajabu: mwaka 1835 Mwitaliano Agostino Bassi alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri unasababishwa na kuvu, na ndiyo sababu Beauveria inabeba jina lake hadi leo.

Kuchipua na kutoboa ngozi huchukua kama saa 12 hadi 24 kama kuna unyevu wa kutosha. Kidukari hufa kati ya siku ya tatu na ya saba. Hapo kati kuna mwanya anaoutumia kidukari mchanga: hujivua ngozi kila baada ya siku moja na nusu au mbili, na akijivua kabla spora hazijatoboa, huziacha zikiwa zimenata kwenye ngozi kuukuu na kwenda zake akiwa mzima. Kwa hiyo usitegemee kupulizia mara moja tu.

Nyigu yeye ana saa nyingine. Chukua Aphidius colemani, anayetumika sana kwenye vitalu nyumba. Urefu wake ni milimita mbili hadi tatu. Humsogelea kidukari, hukunja tumbo lake kupita katikati ya miguu yake mwenyewe hadi mbele, na kumchoma kwa kufumba na kufumbua. Yai moja limeingia. Kidukari anaendelea kula na kutembea kama hakuna kilichotokea. Yai huanguliwa baada ya siku kama tatu, buu hula polepole, na kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 mumia huonekana kati ya siku ya saba na ya kumi. Siku nne hadi sita baada ya hapo, nyigu mpya hukata tundu la mviringo kwenye mumia na kutoka.

Sasa linganisha. Kidukari akipata yai na spora siku moja, kuvu itamuua siku ya nne au ya tano, wakati buu bado ni mdogo mno. Buu anazama na jahazi lake. Lakini yai likitangulia kwa siku nne au tano, mambo yanageuka: buu amekwisha kula sehemu kubwa ya ndani, na kabla kuvu haijamaliza kazi yake, amejisokotea kifukofuko ndani ya ngozi ya kidukari. Majaribio ya maabara yamerudia kuonyesha hivyo kwa kuvu na nyigu wa aina mbalimbali: buu aliyetangulia kwa siku zipatazo nne ana nafasi nzuri ya kuishi, aliyechelewa hana.

Na usitegemee kwamba nyigu atajua. Katika siku za mwanzo za maambukizi, nyigu jike hutaga ndani ya kidukari mgonjwa kama anavyotaga ndani ya mzima. Anapoteza mayai yake bila kujua.

Mtu atauliza: kama ni ugomvi hivi, si bora kuchagua mmoja? Mimi nasema hapana, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni bakteria wanaoishi ndani ya vidukari wenyewe. Kwa kidukari wa njegere imethibitishwa kwamba wapo wenye bakteria aitwaye Hamiltonella defensa, anayewakinga dhidi ya buu wa nyigu, na wapo wenye Regiella insecticola, anayewakinga dhidi ya kuvu aina ya Pandora neoaphidis. Ukitegemea silaha moja mwaka hadi mwaka, unawapalilia wale wenye kinga dhidi yake. Sababu ya pili ni kwamba nyigu akitafuta pa kutaga huwasumbua vidukari: wanarusha mateke, wanachomoa mdomo kwenye jani, wanatembea, wanajiangusha. Kidukari anayetembea hukanyaga spora nyingi kuliko aliyetulia. Kwa hiyo nyigu anaipelekea kuvu wateja, hata pale wanapogombania nyumba.

Hatua ya 1: Mtambue kidukari, umpe nyigu wake

Nyigu hawa wanachagua. Aphidius colemani hupenda vidukari wadogo, kama wa pamba (Aphis gossypii) na kidukari wa kijani wa pichi (Myzus persicae). Kwa wale wakubwa wenye miguu mirefu, kama kidukari wa viazi (Macrosiphum euphorbiae), mtafute Aphidius ervi au Aphelinus abdominalis. Kwenye kabichi na jamaa zake, kidukari wa kijivu mwenye unga kama majivu ana nyigu wake, Diaeretiella rapae, ambaye mara nyingi huja mwenyewe ukiacha kupulizia sumu. Mumia za Aphelinus ni nyeusi na ndefu kidogo, usije ukadhani ni vidukari waliooza.

Kuvu haichagui kiasi hicho. Soma lebo tu uhakikishe imesajiliwa kwa mmea wako na kwa vidukari.

Hatua ya 2: Safisha uwanja

Mambo matatu huharibu mpango huu kabla haujaanza.

Mabaki ya sumu ndiyo mabaya zaidi. Dawa za jamii ya pairethroidi zinaweza kuendelea kuua nyigu kwa wiki nane au zaidi baada ya kupuliziwa. Kama shamba lilipuliziwa hivi karibuni, anza na kuvu na umwache nyigu asubiri. Bomba la kupulizia nalo liwe jingine kabisa, lisiwe lile lililobeba sumu, hata kama umelisuuza mara tatu.

Dawa za ukungu ni adui wa kuvu yako, kwa kuwa nayo ni kuvu. Mankozebu na shaba ni mifano ya kukumbuka. Lebo nyingi za kuvu hutaja siku za kuacha kati ya dawa moja na nyingine, zifuate.

Halafu sisimizi. Wanawachunga vidukari kwa ajili ya yale majimaji matamu wanayoyatoa, humfukuza nyigu anayetaka kutaga, na wanaweza kuwabeba vidukari waliokufa kwa kuvu na kuwatupa mbali na kundi. Ukiona msururu wao unapanda shina, ukate kwanza: weka utepe wenye gundi kwenye shina, na ondoa majani yanayogusa ardhi au kuta.

Hatua ya 3: Hesabu, kisha amua nani atangulie

Pita shambani, chukua mimea kama ishirini sehemu mbalimbali, na kila mmoja tazama upande wa chini wa jani la juu, la kati na la chini. Andika vidukari hai, mumia za dhahabu, na wenye manyoya. Tahadhari: ngozi walizojivua vidukari ni nyeupe na hutapakaa juu ya majani, na wengi huzihesabu kuwa ni maiti za kuvu. Puliza kwa mdomo. Ngozi tupu itapeperuka, maiti ya kuvu itabaki imenata.

Kama vidukari ni wachache, wametawanyika katika makundi madogo, na majani bado hayanati kwa majimaji matamu, nyigu atangulie. Hapa ndipo ana nguvu, maana anajua kutafuta hata kundi la vidukari watano lililojificha. Mfungulie, kisha kaa bila kupulizia kuvu yoyote mpaka uone mumia za kwanza. Usihesabu kwa kalenda peke yake. Kwenye baridi ya nyuzi 15 buu huchukua muda mrefu zaidi, kwenye joto la 25 hukimbia. Mumia ya kwanza ndiyo saa yako: ikishaonekana, ujue mayai ya siku za mwanzo yamekwisha kushinda, na kuvu haitawadhuru sana walio ndani.

Hapo sasa, kama kuna sehemu ambako vidukari bado wanazidi, pulizia kuvu sehemu hizo tu. Lakini usichelewe. Siku nne hadi sita baada ya mumia kuonekana, nyigu wapya wanatoka, na hao hutaki wakutane na dawa mbichi kwenye jani. Una siku tatu au nne za kufanya kazi, si wiki. Mayai yaliyotagwa siku mbili tatu zilizopita utayapoteza, hilo likubali. Ndiyo sababu nasema sehemu hizo tu, wala si shamba zima.

Kama vidukari ni wengi, majani yanang'aa na kunata kwa majimaji matamu, na ule ukungu mweusi kama masizi umeanza, kuvu itangulie. Kumfungulia nyigu katika hali hiyo ni kumpa kazi asiyoiweza. Hunata kwenye majimaji, hutumia muda wake kujisafisha, na wakati anataga yai moja vidukari wamezaa watoto wengi, maana hawa huzaa bila dume na watoto hutoka wakiwa hai. Pulizia kuvu mara mbili au tatu, ukiacha siku tano hadi saba kati ya moja na nyingine, au kama lebo inavyosema. Kisha subiri siku tano hadi saba baada ya kupulizia kwa mwisho. Katika siku hizo walioambukizwa watakufa, na vidukari watakaobaki hai wengi wao watakuwa wazima. Hao ndio urithi wa nyigu. Mfungulie sasa.

Najua kusubiri wiki nzima huku vidukari kadhaa wakionekana kunauma. Mkono unawasha. Lakini nyigu aliyefunguliwa siku moja baada ya dawa ni pesa iliyomwagwa chini.

Kuna hali ya tatu, na hii hupendeza: kuvu ya asili imekwisha kufika yenyewe. Katika majira ya unyevu, Pandora au Neozygites huweza kuangusha idadi kubwa ya vidukari kwa siku chache bila mtu kuinua bomba. Utawaona wamenata kwenye jani, wamevimba, wenye mabawa wameyainua juu, miili imefunikwa na utando kama mahameli. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, chuo kikuu kiliwahi kuanzisha huduma ya kuwapimia wakulima wa pamba vidukari wao ili kujua kama Neozygites fresenii imeingia, na kama imeingia, mkulima aache kupulizia. Fanya vivyo hivyo kwa kioo chako. Ukikuta maiti za namna hiyo sehemu nyingi, weka bomba chini na usifungulie nyigu kwanza. Hesabu tena baada ya siku nne.

Hatua ya 4: Pulizia jioni, chini ya jani

Jua huua spora kwa saa chache. Jioni huleta mambo mawili kwa pamoja: unyevu wa usiku mzima wa kuchipulia, na nyigu waliotulia badala ya kuruka huku na huku. Joto linalofaa kuvu nyingi ni nyuzi 20 hadi 28. Likipita 32 nyingi huzubaa.

Koroga unga kwenye maji kidogo kwanza mpaka ulainike, ndipo umimine kwenye tangi, na uendelee kutikisa tangi unapofanya kazi kwa sababu spora hutuama. Tumia mchanganyiko siku hiyo hiyo. Elekeza nozeli juu, kutoka chini ya mmea, kwa matone madogo, maana kuvu isiyomgusa kidukari haifanyi kitu. Majani yaliyojikunja ni shida: matone hayaingii humo. Yachume, au mwachie nyigu, ambaye anaweza kupenya.

Pale penye nyigu, chagua kuvu iliyotengenezwa kwa kuchanganywa na maji badala ya ile ya mafuta. Mafuta yenyewe yanaweza kumnatisha na kumuua mdudu mdogo namna hii hata kabla spora hazijachipua.

Na wewe mwenyewe vaa barakoa na glavu. Si sumu, lakini vumbi la spora huweza kuleta mzio kifuani, hasa unapofungua pakiti.

Hatua ya 5: Fungulia nyigu wakiwa hai na wenye nguvu

Agiza ili wafike karibu na siku ya kufungulia. Ikilazimu kuwahifadhi, ni siku moja au mbili tu, kwenye nyuzi 8 hadi 10, gizani. Kuvu, kwa upande wake, hukaa vizuri zaidi mahali penye baridi na pakavu. Usiiache juani hata nusu saa.

Fungulia asubuhi mapema au jioni, majani yakiwa makavu. Weka mumia ulizoagiza karibu na makundi ya vidukari, kwenye kivuli, mahali ambapo maji ya umwagiliaji hayatazifikia. Kiasi kinachotumika sana ni kati ya nyigu nusu na mmoja kwa kila mita moja ya mraba, yaani mmoja au wawili kwa kila mita mbili, kila wiki kwa wiki tatu angalau. Kwa nini wiki tatu? Kwa sababu kizazi kimoja cha nyigu huchukua kama wiki mbili, na unataka asitokee mwanya kati ya wazazi na watoto.

Maua madogo madogo pembeni huwapa nyigu waliokomaa chakula. Wanaishi muda mfupi, na mwenye njaa anaishi mfupi zaidi.

Hatua ya 6: Bakiza sehemu isiyoguswa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Usipulizie kuvu shamba zima siku moja. Kwenye eneo la wazi acha mistari kadhaa. Kwenye kitalu nyumba kuna njia nzuri zaidi: otesha shayiri au ngano kwenye vyungu, uweke vidukari aina ya Rhopalosiphum padi, ambao hula nafaka na jamii ya nyasi na hawahamii kwenye nyanya, pilipili wala matango. Aphidius colemani huwapenda sana. Chungu hicho kinakuwa kiwanda kidogo cha nyigu kisichokoma. Siku ya kupulizia kuvu, vitoe nje vyungu au uvifunike, uvirudishe majani yakishakauka. Kama unalima ngano, shayiri au mahindi, njia hii si yako, utakuwa unajiletea wadudu mwenyewe.

Hatua ya 7: Uliza chupa

Wiki moja baada ya kupulizia, kata vipande vya majani yenye mumia ishirini hivi, toka sehemu iliyopuliziwa na isiyopuliziwa, uviweke kwenye chupa mbili za kioo zenye karatasi kavu chini na kitambaa chepesi juu. Andika tarehe kwenye kila chupa. Ziache kivulini, mahali pa joto la kawaida la chumba. Chupa ya tatu iandae mapema zaidi, mara tu baada ya kupulizia: weka vidukari kumi hai waliopuliziwa pamoja na jani bichi na karatasi yenye unyevu.

Chupa ya tatu itakuambia kama kuvu yako ilikuwa hai. Ndani ya siku saba walio wengi wawe wamekufa na kuota manyoya. Wasipoota, ama spora zilikufa kabla ya kufika shambani, ama hukuwagusa.

Chupa mbili za kwanza zitakuambia kuhusu nyigu. Tazama kila asubuhi. Mumia iliyofaulu ina tundu la mviringo safi, kama limekatwa kwa mkasi, mara nyingi na kifuniko chake kimening'inia pembeni. Nyigu atakuwa amepanda juu karibu na kitambaa, akipapasa kwa vipapasio. Mumia iliyoota manyoya, au iliyonyamaza wiki mbili, imepotea. Ikiwa chupa ya sehemu iliyopuliziwa imetoa nyigu wachache mno kuliko nyingine, ulipulizia mapema, na safari ijayo subiri siku mbili zaidi baada ya mumia ya kwanza.

Tundu likiwa na kingo zilizochanikachanika, kuwa macho. Huyo aliyetoka si nyigu wako. Ni nyigu mwingine, wa jamii kama Dendrocerus au Asaphes, anayetoboa mumia, akataga juu ya buu wa nyigu wako na kula akiba yako kimya kimya. Chupa yenye matundu safi ipeleke shambani, uilaze chini ya mmea wenye vidukari, utoe kitambaa. Yenye matundu yaliyochanika usiifungue. Itie kwenye baridi kali mpaka wote wafe, na nyigu wa safari ijayo wanunue wapya badala ya kuchuma mumia shambani.